Njia ya Makutano na Elimu ya Kujenga Upya

Msafiri atokaye Mwanza hupita Bunda kwanza, na afikapo Makutano njia humgawikia: ya kushoto humpeleka Musoma, ufukoni mwa Ziwa Viktoria, na ya kulia humpeleka Butiama, alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922. Mafuriko yakilikata daraja kabla ya Bunda, safari zote mbili husimama. Lakini yakiikata njia iliyo baina ya Makutano na Musoma, aendaye Butiama hadhuriki. Aliyelifahamu hilo amekwisha kuipata nusu ya elimu ninayokusudia kuieleza.

Ndani ya ruta ya intaneti, kama ndani ya vyombo vingi vya jinsi yake, aghalabu mna kompyuta ndogo iendeshwayo na Linux, ambayo huundwa kwanza katika kompyuta kubwa kutokana na vifurushi vingi vya programu vinavyotegemeana, kisha hutiwa chomboni ikiwa taswira moja kamili. Maktaba ya C ndiyo Bunda ya safari hii: takriban kila programu hupitia kwake, na ikibadilika, yafaa yote yajengwe upya. Programu isiyotegemewa na nyingine ni Musoma. Yajengwa peke yake.

Buildroot, zana ya kujengea taswira hizo iliyoanza mwaka 2001, hutia alama kila kifurushi kilichokwisha kujengwa, na ikiiona alama hiyo hukipita. Kwa sababu hiyo, ukiongeza maktaba ya usimbaji fiche, OpenSSL, baada ya programu kujengwa pasipo nayo, programu hubaki ilivyokuwa. Na ukikiondoa kifurushi katika orodha, mafaili yake husalia ndani ya taswira. Watungaji wake walihiari usahili, wakamwachia fundi dhamana ya kujua lini asafishe yote na kuanza upya. Yocto, mradi wa kazi iyo hiyo uliotangazwa mwaka 2010, huhesabu alama ya utambulisho ya kila kazi kutokana na maagizo yake na tegemezi zake. Alama ikibadilika, kazi hurudiwa pamoja na zinazoitegemea, na zilizosalimika hutolewa ghalani. Gharama ya hekima hiyo ni nafasi kubwa ya diski na masomo marefu.

Nasaha yangu ni hii: ukirekebisha programu moja, ijenge hiyo tu, ukigusa maktaba, kikusanyaji (compiler) au orodha ya vifurushi, anza tangu mwanzo, na taswira itakayokabidhiwa watu isitoke ila katika ujenzi safi. Saa chache zilizookolewa mezani Musoma zaweza kulipwa kwa safari ya kupanda mnara Butiama, kukishusha chombo kilichobeba mabaki ya jana.