Likizo kabla ya kidato cha nne: Mwache alale

LIKIZO ya Desemba ikifika, mwanafunzi aliyemaliza kidato cha tatu hulala hadi saa nne asubuhi. Mzazi, akiwaza KCSE, humwita mvivu na kumtafutia masomo ya ziada, ingawa masomo ya likizo shuleni yalipigwa marufuku na sheria ya elimu ya mwaka wa 2013.

Mara nyingi huo si uvivu. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala kwa muda wa saa 8 hadi 10. Bwenini, anayelala saa nne usiku na kuamshwa saa kumi alfajiri hupata 6 tu. Tena, katika umri huu ubongo huchelewa kutoa melatonini, homoni inayoleta usingizi. Ukimlazimisha kulala mapema atagaagaa tu kitandani. Na ni usingizini ambapo ubongo huhifadhi yaliyosomwa mchana.

Basi mwache alipe deni hilo, ila simu ibaki sebuleni usiku. Shule zikikaribia kufunguliwa, mwamshe mapema kidogo kidogo, kama robo saa kila siku.

Lakini akiwa hali vizuri, anawakwepa marafiki na bado amechoka kwa zaidi ya wiki mbili, mpeleke kwa daktari. Huenda ni ugonjwa wa sononi.