Filme « The Nomi Song »: mwimbaji aliyekufa na sida wakati ugonjwa ulikuwa bado mgeni

Hapa kwetu Klaus Nomi hajulikani, hata kwa wapenzi wakubwa wa muziki. Lakini filme ya Mmarekani Andrew Horn juu ya maisha yake inafaa kutazamwa, zaidi ile sehemu ya mwisho. Ilitoka mwaka wa 2004, ikapata tuzo ya Teddy kwenye tamasha la filme la Berlin.

Jina lake la kuzaliwa ni Klaus Sperber, mtoto wa Immenstadt, kusini ya Ujerumani, mwaka wa 1944. Alipenda opera, ule muziki ambamo watu wanaimba hadithi nzima jukwaani pamoja na okestra. Berlin Magharibi alipata kazi kwenye nyumba ya opera, lakini si ya kuimba: alikuwa anaonyesha watu viti vyao. Watazamaji wakiisha kwenda, aliimbia wafanyakazi wenzake.

Shida ilikuwa sauti yenyewe. Aliimba juu kabisa, sawa mwanamke, na siku zile opera ilikuwa na nafasi kidogo kwa mwanaume wa sauti ile. Mwaka wa 1972 akahamia New York, akaishi kwa kutengeneza gato.

Mwaka wa 1978, kwenye onyesho moja la vijana, akapanda jukwaani amevaa sawa mtu ametoka anga za juu, moshi unamzunguka, akaimba kipande cha opera ya Saint-Saëns. Ikabidi waambie watu kwamba si kaseti, ni yeye mwenyewe! Desemba 1979 David Bowie akamchukua aimbe nyuma yake kwenye televisheni. Bowie alivaa kostimi kubwa ya plastiki. Nomi akaagiza atengenezewe yake ya namna ile, mabega mapana, kiuno chembamba. Ndiyo sura watu wanamkumbukia mpaka leo.

Horn hafichi upande mubaya. Kontra ya kampuni ya disiki ilipokuja, wanamuziki waliojenga naye kazi wakabaki nyuma, na mbele ya kamera uchungu ungali unaonekana. Albamu mbili zikatoka, 1981 na 1982.

Halafu ugonjwa. Mwisho wa 1982 aliimba Munich na okestra, amevaa kola kubwa shingoni. Jina la sida, wanganga wa Marekani walikuwa wamelitoa miezi michache tu mbele. Virusi vyenyewe vilionekana mara ya kwanza kule Institut Pasteur, Paris, mwaka wa 1983, mwaka uleule Nomi alikufa: tarehe 6 Agosti, miaka 39. Hakukuwa kipimo, hakukuwa dawa. Ndani ya filme, rafiki zake wanasema wazi vile watu waliogopa kumugusa. Hakuna anayejisifu pale, na hiyo ndiyo nguvu ya filme.

Wengi New York walisema ni ugonjwa wa wanaume wanaolala na wanaume, basi. Kumbe damu iliyochukuliwa Kinshasa mwaka wa 1959 ilikutwa baadaye na virusi hivyo. Na kusalimiana kwa mukono, kukumbatiana ao kula sahani moja haviambukizi. Kipimo cha damu kilianza kutumiwa mwaka wa 1985. Zile dawa zinazochanganywa, ambazo leo zinawezesha mgonjwa kuishi miaka mingi na kufanya kazi yake, zilifika mwaka wa 1996.