Kukodi Gari Jipya kwa Wakala: Tarakimu na Wenyewe

Nchini Marekani, mtu anayechukua gari jipya kwa mkataba wa kukodi huongea na muuzaji wa wakala, husaini karatasi ofisini kwa wakala na huondoka na gari alilokabidhiwa na wakala. Hata hivyo gari hilo halibaki mali ya wakala, wala fedha za kila mwezi haziendi kwake. Wakala huliuza gari kwa kampuni ya fedha, mara nyingi iliyo tawi la mtengenezaji mwenyewe, kama Toyota Financial Services au Ford Credit, na kampuni hiyo ndiyo inayolimiliki na kumkodishia mteja kwa miaka miwili, mitatu au minne. Kwa kawaida mkataba huandikwa kwanza kwa jina la wakala, kisha huhamishiwa kwa kampuni. Kwa hiyo tarakimu zinazowekwa mbele ya mteja hazina mwenyewe mmoja. Baadhi zimepangwa na mtengenezaji, nyingine na kampuni ya fedha, nyingine na serikali ya jimbo, na zilizobaki ni za wakala. Mteja anayejua ipi ni ya nani hapotezi saa nzima akibishania jambo ambalo muuzaji hana mamlaka nalo, wala haachi kubishania lile lililo mikononi mwake.

Malipo ya kila mwezi yana sehemu tatu. Kubwa ni uchakavu, yaani tofauti kati ya bei ambayo kampuni imelichukulia gari na thamani ambayo gari linakisiwa kuwa nayo mkataba ukiisha, ikigawanywa kwa idadi ya miezi. Thamani hiyo ya mwisho, inayoitwa hapa thamani baki, huandikwa kwenye mkataba tangu siku ya kwanza. Sehemu ya pili ni gharama ya fedha, kwa kuwa mtaji wa kampuni umefungwa ndani ya gari muda wote huo. Ya tatu ni kodi. Majimbo mengi huitoza juu ya kila malipo ya mwezi. Texas huitoza juu ya bei nzima ya gari, na kampuni huupeleka mzigo huo kwa mteja.

Kila gari jipya linalosubiri mnunuzi kwa wakala lina stika dirishani. Stika hiyo ni lazima kwa sheria ya mwaka 1958 iliyopiganiwa na Seneta Mike Monroney wa Oklahoma, na mpaka leo Wamarekani huiita kwa jina lake. Inaonyesha bei ambayo mtengenezaji anapendekeza, vifaa vya ziada vilivyofungwa kiwandani na gharama ya kulisafirisha gari. Bei hiyo ni pendekezo tu. Wakala yuko huru kuuza chini yake au juu yake. Watu wengi ambao wangepatana bei kwa ukali kama wangekuwa wananunua hunyamaza wanapokodi, wakidhani hesabu imekwisha kupangwa kwingine. Katika hesabu ya uchakavu, kilichopangwa kwingine ni thamani baki peke yake. Kampuni ya fedha huiweka kama asilimia ya bei ya stika, na asilimia hiyo haibadiliki mteja akipunguziwa bei. Kwa sababu hiyo kupatana kuna faida kubwa zaidi kuliko watu wanavyodhani: upande mmoja wa hesabu umesimama palepale, na kila dola inayotolewa kwenye bei hutoka yote kwenye uchakavu.

Mfano utalionyesha jambo hili vizuri zaidi. Gari lina stika ya dola 40,000, mkataba ni wa miezi 36, na kampuni imeweka thamani baki ya asilimia 58, yaani dola 23,200. Ada za dola 800 zinaingizwa ndani ya mkataba. Mteja asiyepatana bei anaanza na dola 40,800. Uchakavu ni dola 17,600, sawa na dola 488.89 kwa mwezi. Mteja aliyepatana hadi dola 37,000 anaanza na dola 37,800. Uchakavu wake ni dola 14,600, sawa na dola 405.56 kwa mwezi. Gari ni lilelile, na thamani baki ni ileile.

Gharama ya fedha hukokotolewa kwa njia inayowachanganya hata watu wenye elimu. Badala ya kutaja riba kwa asilimia, biashara hii hutumia desimali ndogo, kwa mfano 0.00250, inayoweza kuitwa kizidishi cha riba. Bei ya kuanzia hujumlishwa na thamani baki, na jumla huzidishwa kwa desimali hiyo. Kwa mteja aliyepatana, dola 37,800 na dola 23,200 hufanya dola 61,000, na gharama ya fedha inakuwa dola 152.50 kwa mwezi. Kujumlisha tarakimu hizo mbili kuna sababu: deni huanza kwenye ile ya kwanza na kushuka hadi ya pili, na wastani wake ni nusu ya jumla. Nusu hiyo, miezi 12 ya mwaka na mia ya asilimia zote zimefichwa ndani ya desimali. Ndiyo maana mtu akitaka kuijua riba ya mwaka huzidisha kizidishi kwa 2,400. Hapa 0.00250 ni riba ya karibu asilimia 6.

Kampuni ya fedha humpa wakala kizidishi cha msingi kulingana na alama za mkopo za mteja, na mara nyingi humruhusu kukipandisha kwa kiasi fulani na kujipatia sehemu ya ziada hiyo. Kikipanda kutoka 0.00250 hadi 0.00290, mteja wa mfano wetu analipa dola 24.40 zaidi kila mwezi, yaani dola 878.40 kwa miaka mitatu, na hakuna kinachobadilika kwenye gari wala kwenye bei aliyopatana. Sheria haimsaidii sana hapa. Sheria ya Shirikisho ya mwaka 1976 kuhusu mikataba ya kukodi inadai gharama ya fedha itajwe kwa dola, kwa jumla yake, lakini haidai kizidishi wala riba viandikwe. Huu ni upungufu mkubwa, kwa kuwa mkopaji wa fedha za kununulia gari lilelile lazima aonyeshwe riba yake kwa asilimia. Mteja inambidi aulize mwenyewe kizidishi ni kipi na kama ndicho cha msingi cha kampuni. Akikataliwa jibu, anaweza kukitafuta kwa kugawa gharama ya fedha ya mwezi kwa jumla ya bei ya kuanzia na thamani baki, kisha kulinganisha na wakala mwingine.

Muuzaji mzoefu hapendi mazungumzo yafike huko. Swali lake la mapema ni mteja anataka kulipa kiasi gani kwa mwezi, na jibu lolote litakalotolewa humpa nafasi ya kucheza na kila kitu kingine. Wakala wengi hutumia karatasi iliyogawanywa vyumba vinne: bei, thamani ya gari la zamani, kianzio na malipo ya mwezi. Macho ya mteja yakielekezwa kwenye chumba cha nne, kupunguzwa kidogo hapo kunaweza kulipiwa mara mbili katika vyumba vingine. Katika mfano wetu, punguzo la bei la dola 3,000 lilishusha malipo ya mwezi kwa dola 90.83. Kianzio cha dola 3,000 kutoka mfukoni mwa mteja hushusha malipo kwa dola 90.83 zilezile. Anayetazama malipo ya mwezi peke yake hawezi kujua kama amepunguziwa na wakala au amejilipia mwenyewe. Mkataba ukirefushwa kutoka miezi 36 hadi 39 au 42, malipo hushuka pia, lakini waranti ya magari mengi huisha baada ya miaka mitatu au maili 36,000, na matengenezo ya miezi inayobaki huwa juu ya mteja.

Kianzio kikubwa kina hatari nyingine ambayo matangazo ya televisheni hayaitaji, ingawa malipo madogo yanayotangazwa hutegemea kianzio cha maelfu ya dola kilichoandikwa kwa herufi ndogo. Gari likiharibika kabisa katika ajali au likiibwa mwezi wa pili, bima hulipa thamani yake kwa kampuni inayolimiliki. Mikataba mingi ya kukodi ina kinga inayofidia pengo kati ya malipo ya bima na deni lililobaki, ila kinga hiyo haimrudishii mteja kianzio chake. Kwa hiyo ni busara kulipa siku ya kusaini malipo ya mwezi wa kwanza, kodi na ada za lazima, na kuacha fedha nyingine benki.

Ruzuku na punguzo, za mtengenezaji au za serikali, ni eneo ambalo mteja hupoteza fedha kwa kutouliza. Mfano wa karibuni ni magari ya umeme. Kuanzia mwaka 2023 hadi 30 Septemba 2025, kampuni iliyonunua gari la umeme ili kulikodisha iliweza kupata nafuu ya kodi ya hadi dola 7,500 kutoka serikali ya shirikisho, hata kwa magari ambayo mnunuzi wa kawaida asingepewa nafuu hiyo. Aliyeipata ni kampuni, na hakuna sheria iliyoilazimisha kumgawia mteja. Baadhi ya kampuni ziliikata yote kwenye bei, nyingine sehemu tu.

Ada nazo zina wenyewe. Ada ya kuanzisha mkataba ni ya kampuni ya fedha. Mara nyingi huwa kati ya dola 595 na 1,095, na ikizidi kiwango ambacho kampuni imetangaza, ziada ni ya wakala. Ada ya nyaraka ni ya wakala moja kwa moja. California imeiwekea ukomo mdogo, Florida haina ukomo wowote. Hata pale isipopunguzwa, inaweza kufidiwa kwa kushusha bei ya gari.

Baada ya kukubaliana bei, mteja hupelekwa kwa ofisa wa fedha, na wengi hulegea hapo wakiamini kazi imekwisha. Ofisa huyo pia ni muuzaji. Huuza waranti ya nyongeza, bima ya matairi na ringi, dawa ya kulinda rangi, namba zinazochorwa kwenye vioo. Waranti ya miaka saba kwa gari litakalorudishwa baada ya miaka mitatu haina maana yoyote. Bima ya matairi inaweza kuwa na maana penye barabara mbovu, kwa bei ndogo. Tume ya Shirikisho ya Biashara ilipitisha Desemba 2023 kanuni ya kuwazuia wakala kutoza nyongeza zisizo na faida kwa mteja, lakini mahakama ya rufaa ya New Orleans iliifuta Januari 2025 kabla haijaanza kutumika. Kinga ya uhakika zaidi ni kusoma kila mstari wenye bei na kukataa usiohitajika.

Gari la zamani linalotolewa kwa wakala liachwe nje ya mazungumzo mpaka bei ya gari jipya iandikwe. Thamani yake iulizwe kwanza kwa wanunuzi wengine wawili au watatu. Kama bado lina deni kubwa kuliko thamani yake, wakala atapendekeza kuliingiza deni hilo kwenye mkataba mpya. Likiingizwa, mteja atakuwa akilipia magari mawili huku akiendesha moja.

Njia yenye utulivu kuliko zote ni kuwaandikia wakala kadhaa barua pepe kuhusu gari lenye vifaa vilevile, na kuomba kutoka kwa kila mmoja tarakimu tano: bei kabla ya ada, thamani baki, kizidishi, ada zote, na maili zinazoruhusiwa kwa mwaka. Tarakimu zikiwa kwenye maandishi, ulinganisho unachukua dakika chache. Kwa Waswahili waishio Marekani kuna sababu ya pili ya kutaka maandishi. Sheria ya California humpa mteja aliyejadiliana kwa Kihispania, Kichina, Kitagalog, Kivietinamu au Kikorea haki ya kupata tafsiri ya mkataba kabla ya kusaini. Kiswahili hakimo. Aliyepatana kwa Kiswahili na muuzaji kutoka Mombasa au Bukavu atasaini Kiingereza kitupu, na kitakachomfunga ni kilichoandikwa. Aliyepewa makadirio mapema ana muda wa kuyapeleka kwa mtu anayemwamini.

Haki ya siku tatu za kughairi, ambayo watu wengi huitaja, haipo kwa gari jipya lililochukuliwa ofisini kwa wakala. Kabla ya kalamu kushikwa, karatasi ya maelezo inayodaiwa na sheria ya shirikisho inapaswa kulinganishwa na makadirio: bei ya kuanzia, thamani baki, gharama ya fedha, idadi ya malipo na jumla yake. Karatasi hiyo pia huonya kwamba kuvunja mkataba mapema kunaweza kugharimu maelfu ya dola, na onyo hilo ni la kweli.

Maili hupangwa siku ya kusaini, kwa kawaida 10,000, 12,000 au 15,000 kwa mwaka. Aliyechagua 12,000 akarudisha gari lenye maili 45,000 baada ya miaka mitatu amezidisha 9,000. Kwa senti 25 kila maili anadaiwa dola 2,250. Kununua maili mapema huwa rahisi zaidi, ila huongeza malipo ya mwezi, na ndiyo sababu muuzaji anayetaka malipo yaonekane madogo hupendekeza 10,000 bila kuulizwa. Kabla ya kurudisha gari, mteja anaweza kuomba ukaguzi mapema, akatengeneza mikwaruzo kwa fundi wa bei nafuu, na kupiga picha za kila upande na za odometa. Kampuni nyingi hutoza pia ada ya kurudisha, na nyingi huisamehe mteja akichukua gari jingine kwao.

Mteja anaweza vilevile kulinunua gari kwa thamani baki iliyoandikwa. Mwaka 2021 na 2022, uhaba wa magari mapya ulipopandisha bei za yaliyotumika, magari mengi yaliyokuwa yakimaliza mikataba yalikuwa na thamani kubwa kuliko thamani baki yake. Wakala waliwapigia wateja simu wakiwahimiza wayarudishe mapema, na kampuni kadhaa za fedha zilikataza kuyauza kwa wakala wa nje. Aliyelinunua gari lake mwenyewe kwanza, hata kama aliliuza baadaye, alibaki na tofauti hiyo.