Oda ya blanketi la mjukuu: usiipigie bei kama gauni

Wadau wa cherehani na nyie mnaouza vitu vya watoto mtandaoni, hii inawahusu. Siku moja ataingia inbox bibi ambaye binti yake kajifungua, anataka blanketi la vipande vipande kwa ajili ya mjukuu. Vitambaa anavyo: kanga aliyombebea mama wa mtoto, shati la marehemu babu, sketi ya shule. Anauliza bei, na anategemea iwe ndogo maana kitambaa ni chake.

Hapo ndipo wengi tunaumizwa. Kitambaa kaleta yeye, sawa, lakini ukikiharibu hakuna duka la kwenda kununua kingine. Na kazi yenyewe ni ndefu.

Tuhesabu. Saizi nzuri ya mtoto ni inchi 36 kwa 36. Ukikata miraba ya inchi 5 na kuacha robo inchi ya mshono kila upande, kila mmoja unabaki inchi 4 na nusu. Kwa hiyo ni 8 kwa 8, jumla vipande 64. Vitambaa vyote vifuliwe, vipigwe pasi, vikatwe, viungwe mstari kwa mstari. Bado tabaka la katikati (blanketi jepesi linafaa kabisa), bado kitambaa cha nyuma, bado kushikiza tabaka zote tatu ili zisitembee, bado kuzungushia pindo. Tuseme siku 3, na siku yako unaihesabu 15,000. Hiyo ni 45,000. Vifaa na kifungashio 17,000. Tayari 62,000, faida haijaingia. Ukiogopa ukamtajia 40,000, umemchangia 22,000 kutoka mfukoni mwako.

Mwandikie hesabu hiyo hiyo kwenye WhatsApp. Mtu akiona "vipande 64" anaelewa mwenyewe. Ila usiliite blanketi la viraka, kuna watu neno hilo wanalisikia kama umaskini. Sema la vipande. Na nusu ya hela iingie kabla hujashika mkasi.

Kabla ya kukata, piga picha kila nguo umtumie, akuonyeshe sehemu anayotaka ionekane. Mfuko wa shati la babu unaweza kuwa ndiyo oda nzima. Kama simu inashikwa na kijana wa nyumbani, mpigie bibi mwenyewe, usikubali "bibi kasema sawa". Akishakubali kwa mdomo wake, omba na meseji, uitunze.

Kanga, kama unaweza, usiikatekate. Ina urefu wa kama mita moja na nusu na upana wa mita moja hivi, kwa hiyo inatosha kuwa kitambaa cha nyuma. Punguza pembeni kulia na kushoto, jina la kanga linabaki katikati linasomeka. Mteja akigeuza blanketi akakuta maneno yale, huyo atakuletea wenzake.

Vitambaa vya rangi kali vijaribu kwanza: lowesha kona, sugua na kitambaa cheupe. Kikichuja, kifue peke yake mpaka kitulie. Tisheti zinavutika, zibandike gamu ya pasi kwa nyuma, ile ya kwenye kola. Shati la zamani limelika shingoni na kwapani, kata kifuani na mgongoni.

Hili la mwisho usiliruke hata kama mteja hajauliza. Wataalamu wa afya wanashauri mtoto wa chini ya mwaka mmoja asilazwe na blanketi lililolegea, linaweza kumfunika uso. Andika kwenye kadi: la kutandika achezee akiwa macho na mtu yupo, kujifunika ni akikua. Vifungo na shanga toa vyote, mtoto anaweza kuvimeza.

Vifungo hivyo na mabaki ya vitambaa viweke kwenye kamfuko umrudishie bibi, hata kipande cha inchi mbili. Shati la babu yao usije ukaligeuza vibanio vya nywele vya kuuza.