Shabu Haiui Kipindupindu

Masika hayawahi kukaribia bila swali lilelile kunifikia, mara kwa barua, mara njiani niendapo sokoni, mara kwa kijana aliyetumwa na mama yake: maji ya kisima yakishatiwa shabu yakatakata, je, hayajafaa kunywewa? Nimelijibu kwa upole na nimelijibu kwa urefu, na sasa, kwa idhini ya msomaji, nitalijibu kwa ukali kidogo. Hayajafaa. Yamependeza kutazamwa, basi.

Aliyepata kuishuhudia kazi ya shabu halaumiki kwa kuvutwa nayo. Mtu hukifunga kipande chake kwa uzi, akakizungusha ndani ya ndoo ya maji ya matope, akakitoa. Punde si punde ule uchafu uliokuwa umeenea kotekote hushikana ukawa vibonge kama maziwa yaliyokatika, vikazama taratibu, na baada ya muda yakabaki juu maji yanayokuonyesha hata mkwaruzo ulio chini ya ndoo. Chembe za udongo majini hukimbiana kwa kuwa zote zina umeme wa namna moja. Alumini iliyomo katika shabu huuondoa uhasama huo, zikaambatana, na uzito ukazishusha. Hiyo ndiyo siri yote, wala hakuna nyingine. Vijidudu kadhaa huchukuliwa na vibonge hivyo kwenda chini, nami sikatai kwamba idadi yao huko juu hupungua; lakini kupungua siko kuisha, na hivyo vilivyozama havikufa, bali vimelala ndani ya mashapo mpaka kata ya mwenye kiu itakapoyatibua. Fauka ya hayo, nani apimaye? Shabu ya nyumbani hukadiriwa kwa jicho, na mtoto aliyetoka kucheza hangoji maji yatulie.

Sababu ya watu kuiamini kiasi hiki naijua. Kinyozi huipaka kidevu alichokikata, damu ikasita. Wengine huipaka kwapani. Wako na wanaoifukiza kwa ajili ya kijicho. Kitu kilichokwisha pata sifa nyingi namna hii si taabu kukizidishia moja. Walakini dhana iliyo chini ya swali hili ni kongwe kuliko shabu yenyewe, nayo ni kwamba maji maangavu ndiyo maji salama, na kwa dhana hiyo watu wamekufa hata katika miji mikubwa yenye matabibu wengi. Mwaka 1854, katika mtaa wa Soho mjini London, kipindupindu kiliua mamia ya watu kwa muda wa siku chache, naye tabibu John Snow, aliyekuwa akifuatilia vifo nyumba kwa nyumba, akayaona mengi katika hayo yakielekea kwenye bomba moja la Broad Street. Maji ya bomba lile yalikuwa yakipendwa kwa ladha yake. Mjane mmoja aliyekuwa amehamia Hampstead, mbali na pale, aliyapenda hata akawa akiletewa chupa yake kwa gari kila siku; aliyanywa akafa, na mpwa wake aliyekuja kumzuru akayanywa, akarejea kwake, naye akafa, ilhali si Hampstead wala alikokaa yule mpwa palipokuwa na kipindupindu wakati ule. Laiti maji yale yangalikuwa yakinuka, yamkini wote wawili wangalinusurika.

Na huku pwani dhana hiyo imepata ndugu: ati kisima chenye chumvichumvi hakiingiwi na kipindupindu. Kinyume chake ndiyo kweli, kwani kijidudu cha maradhi haya makao yake ya asili ni maji ya mwambao yaliyochanganyika chumvi, hasa penye midomo ya mito. Aliyeanzisha maneno hayo ana deni kubwa kwetu.

Nayaandika haya nikiwakusudia hasa watu wa vijiji vidogo vya visiwa vya Lamu, ambao wazee wao hawakuwa wajinga wa maji. Mji wa Lamu umeishi kwa maji yaliyohifadhiwa chini ya vilima vya mchanga vya Shela; pasipokuwa na kisima kitamu walijenga majabia ya kukingia mvua; na katika birika za nyumba za kale walifuga samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Hikima hiyo ni ya siku za kawaida. Mvua za El Niño zilipofurika mwaka 1997, uchafu wa vyoo vya shimo uliingia visimani mahali pengi nchini Kenya, kipindupindu kikafuata, na samaki wa birika hana dawa ya hayo.

Basi haya ndiyo ya kufanya, nayasema mbiombio kwa kuwa nafasi yangu inakwisha. Shabu, ukiipenda, iwe mtangulizi tu: maji yakitulia, mimina ya juu katika chombo kingine, ndipo utie klorini, maana klorini ikikuta tope huishiwa nguvu humo kabla ya kuvifikia vijidudu. Dawa ya kung'arishia nguo (jiki) isiyo na manukato, ikiwa ni ile yenye klorini ya asilimia 5 hivi, matone 2 kwa lita 1, au 4 maji yakiwa bado na ukungu. Koroga, ngoja dakika 30, na harufu hafifu ikisikika ni dalili njema, msije kunilalamikia. Wa kuchemsha achemshe mpaka yatokote kwa nguvu dakika 1, asimalize mkaa bure. Asiye na moto wala dawa ajaze maji maangavu katika chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, isiyozidi lita 2, ailaze juani saa 6, au siku 2 mawingu yakitanda. Yahifadhiwe katika chombo chenye mdomo mwembamba au bilula, mikono isiingie.

Kijiji nacho kihesabu mapema: tuseme watu 300 kwa lita 15 kila mmoja ni lita 4,500 kwa siku, na kamati ya maji isiyojua zitatoka wapi pampu ya kisima ikifa haijajiandaa, hata ikiwa na mwenyekiti, katibu na mhuri. Choo kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani. Kisima kilichoingiliwa na mafuriko kitekwe, kitiwe klorini, kitekwe tena, na maji yapimwe kabla mtu hajayaonja. Klorini ya unga ikae pakavu penye kivuli, imefungwa sana. Ya maji inunuliwe mpya, kwani ya mwaka jana imekwisha pungua nguvu. Kamba ya akiba iwepo. Na ufunguo wa nyumba ya pampu uwe kwa watu wawili, wasiosafiri kwa jahazi moja.