Milo ya kupunguza uzito iletwayo mlangoni: tuipime kabla ya kuilipia

Unene uliopita kiasi si suala la umbo peke yake. Huandamana na kisukari, shinikizo la damu na maumivu ya magoti, maradhi ambayo leo yamo katika nyumba zetu nyingi. Mtu akishaambiwa na daktari kwamba hana budi kupunguza uzito, huanza kutafuta njia. Mojawapo ya njia zinazotangazwa sana ni kununua milo iliyokwisha kupikwa, kupimwa na kufungashwa, kisha ikaletwa hadi mlangoni. Jamaa zetu wanaoishi Marekani na Ulaya hukutana na matangazo hayo kila siku, na wapo wanaotaka kujua kama njia hiyo inafaa kwa familia ya Kiislamu. Tumeonelea tuipime faida kwa hasara, kwa kuitazama huko ilikokulia.

Jinsi inavyoendeshwa

Kampuni ya Nutrisystem ilianzishwa Marekani mwaka 1972. Ile ya Jenny Craig ilianzishwa mwaka 1983 mjini Melbourne, Australia, kisha ikaingia Marekani miaka miwili baadaye. Utaratibu wao unafanana kwa sehemu kubwa. Mteja hulipa, hupelekewa maboksi ya chakula cha siku nyingi, kingine kikavu, kingine cha kuhifadhiwa kwenye friza. Kila pakiti ni mlo mmoja wenye kalori zilizohesabiwa. Kwa wateja wengi jumla ya siku huwa kalori 1,200 hadi 1,500, ilhali mwanamke mzima wa kawaida huhitaji takriban 2,000. Mboga na matunda mteja hujinunulia mwenyewe.

Faida zake

Faida ya kwanza ni kipimo. Majumbani mwetu wali hupakuliwa kwa upawa na mafuta humiminwa kwa kukisia. Kijiko kikubwa kimoja tu cha mafuta kina kalori zipatazo 120, na mpishi mkarimu huweza kuongeza vitatu bila kufikiri. Pakiti haina ukarimu wa namna hiyo. Ikiisha, imekwisha.

Faida ya pili ni kwamba matokeo yamethibitika kwa kiasi fulani. Mwaka 2010 jarida la tiba la Marekani, JAMA, lilichapisha utafiti uliohusisha wanawake 442. Waliopewa milo ya Jenny Craig pamoja na mshauri wa kuonana naye ana kwa ana walikuwa, baada ya miaka miwili, wamepungua kwa wastani wa kilo 7.4. Waliopata ushauri wa kawaida walipungua kilo 2. Tofauti hiyo si ndogo. Hata hivyo, msomaji azingatie mambo mawili: wanawake wale walipewa chakula bure, na utafiti uligharimiwa na kampuni yenyewe.

Faida ya tatu inawahusu wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili. Nchini Uingereza, utafiti uitwao DiRECT, uliochapishwa mwaka 2017, ulitumia supu na vinywaji vya pakiti vyenye kalori 825 hadi 853 tu kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano, kisha chakula cha kawaida kikarejeshwa hatua kwa hatua. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 ya waliopangiwa njia hiyo walikuwa wametoka katika kiwango cha kisukari bila kutumia dawa zake, dhidi ya asilimia 4 ya wenzao. Lakini wagonjwa hao hawakuwa wakitumia insulini, na walisimamiwa na wauguzi au wataalamu wa lishe tangu mwanzo hadi mwisho.

Hasara zake

Kwa Muislamu, swali la mwanzo ni uhalali wa chakula chenyewe. Kutoiona nguruwe katika orodha ya viambato hakutoshi. Kuku na ng'ombe wamechinjwa vipi? Jelatini imetokana na mnyama gani? Vanila imetolewa kwa pombe? Mwenye kuchagua milo ya mboga tupu hupunguza tatizo, ila haliondoi lote, kwani hata jibini huweza kugandishwa kwa kimeng'enya kitokacho katika tumbo la ndama. Penye shaka, kampuni iulizwe kwa maandishi kabla ya fedha kutoka.

Pili ni chumvi. Chakula cha viwandani mara nyingi huwa na chumvi nyingi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Lebo nyingi huandika sodiamu badala ya chumvi. Zidisha kiasi hicho kwa 2.5 upate chumvi yenyewe. Mwenye shinikizo la damu asiipuuze hesabu hii.

Tatu ni gharama. Tuchukue mfano wa hesabu tu: ikiwa chakula cha siku moja ni dola 12, cha siku 28 ni dola 336, nacho ni cha mtu mmoja. Watoto na mwenza wanasubiri chungu chao. Nyumba hulipia majiko mawili.

Nne ni sinia. Sisi tumelelewa kula pamoja, na katika kula huko mtoto hujifunza kuanza kwa bismillahi, kula kilicho mbele yake na kumwachia mwenzake kipande kizuri. Mama akijitenga na pakiti yake kila jioni, mtoto hujifunza kwamba chakula cha nyumbani ni cha kuogopwa. Aliyelazimika kutumia milo hii na aimimine kwenye sahani, akae mkekani pamoja na wenziwe.

Hasara ya tano, nayo kwa maoni yetu ndiyo kubwa kuliko zote, ni kwamba pakiti hupima kwa niaba yako bila kukufundisha kupima. Mei 2023 Jenny Craig ilitangaza kufunga shughuli zake, baada ya miaka arobaini. Jina lake lilinunuliwa na kurudishwa sokoni baadaye mwaka huohuo, lakini funzo limebaki. Boksi linaweza kukoma siku yoyote, kwa kufilisika kwa muuzaji au kwa kuishiwa kwa mnunuzi. Siku hiyo mtu hurudi kwenye upawa uleule na chungu kilekile, na uzito nao hurudi.

Nani aitumie, nani ajiepushe

Kwa mizani hiyo, tunaona milo hii inaweza kumfaa mtu anayeishi peke yake ugenini, anayefanya kazi za usiku, au mgonjwa aliyepangiwa na daktari, tena kwa muda maalumu. Mjamzito na anayenyonyesha wasiianze bila ushauri wa daktari. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asipunguze chakula ghafla kabla dawa zake hazijapangwa upya, maana sukari huweza kushuka hadi akazimia. Na Ramadhani inapokaribia, mpango uliopangwa kwa milo mitatu ya mchana hauna budi uangaliwe upya pamoja na daktari huyohuyo.

Kwa nyumba yenye jiko na mpishi, lililo jema katika boksi linaweza kuazimwa bila kununua boksi. Mafuta yapimwe kwa kijiko, mchele kwa kikombe. Nusu ya sahani iwe mchicha, kabichi au kachumbari, robo iwe samaki, kuku au maharage, na robo iliyobaki ndiyo ya wali au ugali. Siku ya mapumziko pikeni maharage na mchuzi wa siku tatu, mgawe kwenye vyombo vidogo na kuvitia kwenye friza. Mafunzo ya Mtume (s.a.w.) ya kuligawa tumbo mafungu matatu, la chakula, la kinywaji na la pumzi, hayahitaji ada ya mwezi.

Anayeamua kulipa, basi, ajiulize kwanza: Je, chakula hiki ni halali? Je, daktari wangu anajua? Na siku pakiti ya mwisho itakapokwisha, nitapika nini, na kwa kipimo gani? Asiye na jibu la swali hili la tatu na aanzie jikoni kwake.