SIMU INATUPANGA MAFUNGU: NANI AMESHIKA CHEKECHE?



Hapa Mbale hakuna asiyejua kazi ya kupanga kahawa mafungu. Kahawa ya Mlima Elgon ikishakobolewa hupitishwa kwenye chekeche zenye matundu ya ukubwa mbalimbali. Punje kubwa huitwa AA, zinazofuata hupewa herufi zao, na zile za mviringo huitwa PB. Kila fungu lina bei yake na mnunuzi wake. Muulize mkulima yeyote aliyepeleka kahawa yake katika Chama cha Ushirika cha Bugisu, ambacho kilianzishwa mwaka 1954. Atakuambia kwamba anayepanga mafungu ndiye anayejua bei kabla ya wengine.

Siku hizi iko chekeche nyingine, nayo inatupanga sisi watu. Imo ndani ya kompyuta za kampuni za biashara, na chakula chake ni habari zinazotoka katika simu zetu. Wenyewe huiita akili bandia. Kazi yake ni kuwagawa wateja katika mafungu, kisha kila fungu lipelekewe tangazo lake, kwa maneno yake na kwa saa yake. Makala hii inaeleza chekeche hiyo inavyofanya kazi, inavyomgusa mfanyakazi wa kiwandani na wa shambani, na jambo ambalo chama chetu kinaweza kufanya.

Anayetaka ushahidi hana haja ya kusafiri. Siku mbili baada ya mshahara, wakati wa mapumziko ya saa saba mchana, wekeni simu tatu au nne juu ya meza moja na msome ujumbe wa matangazo ulioingia. Mtaona kwamba watu wa mashine moja, wenye mshahara mmoja, hawakuambiwa jambo moja. Mmoja ameambiwa mkopo wake uko tayari. Mwingine ameitwa katika kamari ya mpira na kuahidiwa dau la kwanza bure. Wa tatu ameuziwa bando la usiku. Wengi husema, "Ni bahati tu." Sio bahati. Ni fungu aliloingizwa.

MASHINE INAFANYAJE KAZI?

Kazi yenyewe ina hatua nne, na mtu yeyote anaweza kuzielewa.

Kwanza ni kukusanya. Kila unaponunua muda wa maongezi, unapopokea pesa za simu, unapozitoa kibandani au unapobonyeza tangazo, kumbukumbu inabaki: saa, tarehe, kiasi cha fedha, na mnara wa simu uliokuwa karibu nawe.

Pili ni kulinganisha. Kompyuta huchukua kumbukumbu za maelfu ya watu na kutafuta wanaofanana. Hakuna karani aliyeiambia, "Nitafutie wakata miwa" au "Nitafutie wafumaji wa nguo." Yenyewe inaona kwamba namba kadhaa hupokea pesa siku moja kila mwezi, chini ya mnara mmoja, na kwamba fedha hizo huisha kabla ya wiki kwisha. Namba hizo inaziweka pamoja. Haijui neno kibarua wala neno njaa. Inaliita labda fungu la 7, basi.

Tatu ni kukisia. Kwa kila mtu mashine huandika alama: huyu akitumiwa tangazo la mkopo, uwezekano wa kukubali ni mkubwa au ni mdogo? Akitumiwa saa mbili usiku, je, au saa kumi na mbili alfajiri anapotoka zamu?

Nne ni kujaribu. Nusu ya fungu hupelekewa maneno haya, nusu nyingine maneno yale. Maneno yaliyobonyezwa na wengi ndiyo yanayopelekewa wote waliobaki. Kesho mashine inajaribu tena. Kwa njia hiyo inazidi kujifunza udhaifu wetu uko wapi, hata kama hakuna mtu ofisini aliyekaa akakusudia hivyo.

Tena mashine hukosea. Katika nyumba zetu za kupanga, simu moja hutumiwa na watu watatu. Mjane anatumia laini ya marehemu mumewe, na kijana ananunua laini kwa jina la mjomba wake. Mashine haina habari hizo. Inaona namba moja na kuihukumu kama mtu mmoja.

MTEJA MZURI NI NANI?

Hebu tuangalie mikopo ya simu, kwa maana hapo ndipo jambo hili linapouma zaidi.

Jirani zetu wa Kenya walitangulia. Mwezi wa Novemba 2012 Safaricom na Commercial Bank of Africa walianzisha M-Shwari, ambayo ilimpa mtu mkopo kwa simu bila kuonana na karani wa benki. Uganda ilifuata mwaka 2016, MTN na benki hiyo hiyo walipoleta MoKash. Katika mikopo ya namna hii hakuna anayekuja kuona shamba lako wala ng'ombe wako. Kiasi unachopewa hutokana na jinsi ulivyotumia simu na pesa za simu siku zilizopita. Yaani kumbukumbu zako ndizo mdhamini wako.

Tusiseme uongo: mikopo hii imewasaidia watu. Mtoto akiugua saa sita za usiku, benki haifunguliwi. Lakini tupige hesabu. M-Shwari ilipoanza, ada ilikuwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Mtu akikopa shilingi 10,000 analipa ada ya shilingi 750. Inaonekana ndogo. Akikopa tena kila mwezi kwa miezi kumi na miwili, ada peke yake inafika shilingi 9,000, karibu sawa na mkopo wenyewe. Na mwisho wa mwaka mfuko wake uko pale pale ulipokuwa.

Sasa jiulize, ndugu msomaji: kwa mkopeshaji, mteja mzuri ni nani? Tajiri hana haja ya shilingi 10,000. Anayekopa na kutoroka ni hasara. Mteja mzuri ni yule anayepungukiwa kila mwezi na kulipa kila mwezi. Ni mtu mwenye mshahara mdogo unaokuja kwa tarehe inayojulikana. Ni mwanamke wa kiwandani Jinja anayepanga chumba Walukuba. Ni mkata miwa wa shambani. Ni fundi wa Namakwekwe mwenye watoto watatu shuleni. Chekeche ikiachwa itafute faida peke yake, lazima itufikie sisi, na lazima itufikie siku tunapopungukiwa, kwa sababu siku hiyo ndiyo tunayokubali haraka.

Kamari ni vivyo hivyo. Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inakataza mtu aliye chini ya miaka 25 kucheza kamari. Lakini ujumbe unaoingia katika simu hauulizi umri wa anayeishika. Na mtu aliyepoteza mara tatu akarudi mara ya nne, kwa mashine yeye ni fungu zuri, wala si mgonjwa wa kuonewa huruma.

JAMBO LILILOTOKEA KAMPALA

Wengine watasema haya ni maneno ya Ulaya. Basi wasikie la hapa nyumbani.

SafeBoda ni kampuni ya pikipiki iliyoanza Kampala mwaka 2014. Abiria huita pikipiki kwa programu ya simu. Mwaka 2020 shirika la kutetea haki liitwalo Unwanted Witness liliuliza habari za abiria zinakwenda wapi. Serikali, kwa njia ya Mamlaka ya Taifa ya Teknolojia ya Habari, NITA-U, ilichunguza. Mwanzoni mwa mwaka 2021 ilitoa matokeo: majina ya watumiaji, namba zao za simu, anwani zao za barua pepe na habari za simu walizotumia zilipelekwa kwa kampuni nyingine iitwayo CleverTap, na watumiaji hawakuelezwa hivyo. SafeBoda iliagizwa kurekebisha.

CleverTap hufanya nini? Hufanya kazi ile ile tuliyoeleza hapo juu. Ni kampuni iliyoanzia India mwaka 2013, na biashara yake ni kuwasaidia wafanyabiashara kugawa wateja wao katika mafungu na kuwapelekea ujumbe unaomfaa kila mmoja. Hapo hapakuwa na wizi wa fedha mfukoni. Lililogombaniwa ni hili: abiria alipanda pikipiki, na bila yeye kuambiwa, habari zake zilipanda ndege.

Chekeche hii haiuzi bidhaa tu. Mwaka 2018 viongozi wa kampuni ya Kiingereza, Cambridge Analytica, walipigwa picha kwa siri na televisheni ya Uingereza wakijisifu kwamba walifanya kazi katika kampeni za uchaguzi wa Kenya za mwaka 2013 na 2017. Kampuni hiyo ilifungwa mwaka huo huo, baada ya kujulikana kwamba habari za watu wa Facebook wanaofikia milioni 87 zilichukuliwa bila ruhusa yao halali. Anayeweza kukupanga ununue sabuni anaweza kukupanga upige kura, na anaweza pia kukupanga siku ya mgomo.

SHERIA INASEMAJE?

Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na iko ofisi maalum ya kuisimamia chini ya NITA-U. Sheria hiyo inampa kila mtu, awe mkurugenzi au mfagizi, haki zifuatazo:

Ya kwanza, kuuliza kampuni ina habari gani zake na imempa nani.

Ya pili, kuiandikia kampuni iache kutumia habari zake kwa matangazo ya biashara. Kampuni inatakiwa kujibu kwa maandishi katika siku 14.

Ya tatu, kupinga uamuzi mkubwa juu yake uliofanywa na mashine peke yake.

Ya nne, kulalamika katika ofisi hiyo haki zake zikivunjwa.

Haki isiyotumiwa ni kama jembe lililotundikwa ukutani. Kwa hiyo tunatoa hapa barua fupi ambayo mwanachama yeyote anaweza kuinakili:

"Mimi ni mwenye namba ya simu hii. Kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, nataka mwache kutumia habari zangu kwa matangazo ya biashara. Pia nataka kujua mna habari gani zangu na mmempa nani. Nijibuni kwa maandishi katika siku 14."

Weka namba yako, jina, tarehe na sahihi. Baki na nakala. Asiyejua kuandika asione haya. Amwendee mwakilishi wa wafanyakazi wa idara yake.

KAZI YA CHAMA

Kupanga watu mafungu si dhambi kwa yenyewe. Hata sisi tunapanga. Tangazo la zamu ya usiku hatumpelekei mtu wa mchana, na habari za dawa ya kunyunyizia mashambani hatumpelekei mfumaji. Lakini mwanachama anajua tuna jina lake, anajua kwa nini, na anaweza kusimama mkutanoni akatuuliza. Hiyo ndiyo tofauti. Kahawa haiulizi kwa nini imewekwa fungu hili. Mtu lazima aulize.

Kwa hiyo matawi yote yazingatie mambo manne.

Moja: katika mazungumzo ya mkataba wa pamoja, tudai kifungu kinachosema kwamba mwajiri hatampa mkopeshaji wala mfanyabiashara yeyote orodha ya mishahara, namba za simu au tarehe za malipo bila idhini ya mfanyakazi mwenyewe kwa maandishi. Orodha ya mishahara ndiyo dhahabu wanayoitafuta.

Mbili: daftari la wanachama lisitoke ofisini. Akija mtu na fulana za bure na soda akiomba namba za wanachama "ili awaletee huduma", ajibiwe kwa heshima kwamba hatuna ruhusa. Chama nacho kinafungwa na sheria ile ile.

Tatu: barua zile zikusanywe tawini zikapelekwe pamoja. Barua moja hutupwa kapuni, barua mia mbili huitiwa kikao.

Nne: vyama vya akiba na mikopo vya wafanyakazi viimarishwe. Anayetukopesha awe mtu tunayeweza kumwona mkutanoni na kumuuliza riba. Mwanachama mwenye pa kukimbilia siku ya shida hatatetemeka simu ikilia.

Mkutano ujao wa tawi lako, njoo na simu yako na ujumbe uliotumiwa baada ya mshahara. Usiufute. Tutausoma pamoja, tutaandika majina ya waliotuma, na tutajua ni nani wanaotupanga. Chekeche hutenganisha punje na punje, ili kila moja iuzwe na fungu lake. Chama kiliundwa kutuweka pamoja.

Umoja ni nguvu.